Bawabu wa Sura ya Tano

Mjinga wa siku ile alikuwa Zefania, na tuliseme mapema ili asije akatafutwa mwingine. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha ushonaji, cherehani imesogezwa ukutani, kitabu kimefunguliwa mapajani, na mbele yake watu watatu wanamsubiri mzee ambaye hayupo aseme neno.

"Baba," Damari aliuliza, "ni kweli?"

Hapo mtu mwenye akili zake angefunga kitabu akasema mvua inakuja. Zefania alisafisha koo, akazamisha shingo mabegani kama kobe, akaitafuta ile sauti.

Mchezo wenyewe ulikuja Kinampanda na Fredrick, mwalimu wa kujitolea aliyeujulia chuoni Dodoma. Mmoja anashika kitabu na kusimulia safari. Wengine, kila mmoja ana mtu wake ndani ya safari hiyo, na ni yeye anayeamua mtu huyo aseme nini, apite wapi, ampige nani. Penye kubahatisha inatupwa dadu yenye pande nyingi. Fredrick alipopata ajira kwingine aliondoka na dadu akaacha kitabu, basi Zefania akaandika namba kwenye vifuniko vya soda, akavitia kwenye kikombe cha plastiki, na kila Jumapili baada ya ibada watu wakawa wanatia mkono kikombeni kibarazani kwake kama wanaokota dhambi zao. Walimwita mwenye kitabu. Ni cheo kikubwa kwa mtu ambaye siku nyingine zote za wiki anaitwa na vifungo vilivyokatika.

Kazi ya Zefania ni kupunguza. Suruali za mitumba zinakuja zimekatiwa watu wenye miguu ya korongo, makoti yanakuja na mabega ya kubebea milango. Yeye anafumua, anakata, anabana kiuno, anapandisha pindo, na nguo iliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine inamkaa mtu wa Kinampanda kama aliyepimwa. Kitabu nacho alikifanyia hivyo hivyo. Kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa ngome za mawe na milima iliyofungwa na theluji. Theluji aliitupa. Akaweka tope la masika kwenye mteremko wa Sekenke, ambalo kila mtu pale anajua linavyomeza gari. Mbwa mwitu wakawa fisi. Bwana wa ngome akawa mtemi, na karamu yake ikawa ya pombe ya mtama na kuku aliyekauka, kwa sababu Editha, muuza mafuta ya alizeti, aligoma kupigania mtemi anayekula jibini.

Editha alikuwa mganga katika safari ile. Peniel, dereva wa bodaboda, alikuwa mpelelezi, ingawa kazi yake halisi ilikuwa kuiba kila alichokiona, hata sufuria za wenyeji wao. Damari, ambaye asubuhi anauza maandazi penye njia panda, alikuwa mkuu wa msafara. Aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Hata sokoni watu walianza kumwita mkuu, naye anaitika.

Na langoni pa boma la mtemi palikuwa na bawabu. Kitabu kilimpa mistari michache tu: mzee, mkarimu, anauliza wageni watokako. Hakina sauti yake, hakina tabia. Nguo isiyo na mwili. Zefania akaona amvalishe mtu anayemfahamu, na mtu aliyemjia ni mzee Obadia, baba yake Damari, aliyefariki mwaka uliotangulia.

Hapo msimhukumu haraka. Ukoo wa Zefania na ukoo wa kina Damari ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Siku ya mazishi, wakati wafiwa wanalia, yeye ndiye aliyevaa koti la ulinzi la marehemu, lile zito la rangi ya majivu, akatembea uwanjani kwa ule mwendo wa mzee wa kuburuza mguu, akiwauliza waombolezaji, "Umetoka wapi, na unakwenda kwa nani?" Watu walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kisha akafanya kubwa zaidi. Mzee Obadia alikuwa amelinda ghala la alizeti miaka mingi, na uzeeni akaachishwa kazi kwa sababu ya magunia yaliyopotea. Hakuna aliyethibitisha lolote, lakini pale kijijini lilisemwa kwa kunong'ona mpaka mzee akawa anakaa benchi la nyuma kanisani. Zefania aliinama juu ya jeneza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: mzee, sema magunia umeyaficha wapi, watani wako tugawane. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Damari alicheka mpaka akajishika kiuno. Baada ya hapo hakuna aliyenong'ona tena, maana jambo lililokwisha kuchekwa hadharani halina utamu wa kunong'onwa.

Basi bawabu alipozungumza mara ya kwanza pale kibarazani, na kumwita mkuu wa msafara "mama", kama mzee Obadia alivyomwita binti aliyempa jina la mama yake, Damari aliziba mdomo kwa kanga. Editha alimtazama. Damari akatoa mkono, akajibu, "Shikamoo, mzee." Tangu siku hiyo msafara ulikuwa ukichelewa langoni. Peniel analalamika fisi wanasubiri. Damari anamwuliza bawabu kama amekula, kama mguu unauma, kama usiku kuna baridi. Zefania anajibu. Wakati mwingine hakuwa hata na la kutunga, sauti ilijua yenyewe la kusema. Ndipo Damari akamletea lile koti. Alitaka lipunguzwe alivae alfajiri akikaanga maandazi, maana Juni hapa juu inauma. Zefania alilichora kwa chaki, akalitundika, na kila wiki akasema kesho.

Sura ya tano ya kitabu ilisema kwamba bawabu ndiye msaliti. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafungulia lango wezi wa ghala la mtemi.

Zefania alikuwa ameisoma sura hiyo kwa kamusi ya simu, neno kwa neno, na alipoelewa alipiga paja. Ilikuwa tamu. Wiki nzima alikanyaga cherehani huku akiwaona watu wake wakishika vichwa. Msaliti kumbe ni yule yule waliyempenda! Fundi aliyefumua kila mshono wa kitabu kile alifika hapa akaona, hapana, hapa pameshonwa vizuri, paachwe. Na kama lilimpitia wazo la magunia, alilijibu kwamba hilo lilikwisha chekwa.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, wezi wa ghala walipokamatwa wakamtaja bawabu, na Damari akauliza kama ni kweli, bawabu akajibu kwa sauti ya mzee Obadia.

"Ni kweli, mama. Nilifungua mimi."

Hakuna aliyeshika kichwa. Peniel alianza kucheka, akauona moto kwenye macho ya Editha, akaacha. Damari alivirudisha vifuniko vyake kikombeni kimoja kimoja, akajifunga kanga vizuri, akaaga kwa adabu kama mtu anayetoka kwenye kikao. Zefania bado alikuwa amezamisha shingo. Alisahau kuitoa.

Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja. Peniel alipita na pikipiki, akapiga honi, hakusimama. Editha alisema, bila kuulizwa, kwamba Damari amehama benchi kanisani, sasa anakaa nyuma. Zefania aliinama juu ya zipu ya mtu. Msaliti angeweza kuwa yeyote. Angeweza kuwa mpwa wa mtemi, mpishi, hata mtemi mwenyewe. Ni kufumua mshono mmoja tu, kazi ndogo kuliko kubana kiuno cha suruali. Alilishusha koti ukutani, akaligeuza ndani nje, akaitazama bitana yake iliyochakaa. Alishika mkasi, akauweka chini.

Damari alikuja Alhamisi kulichukua. Zefania alimkaribisha kwa utani, mke wangu leo umekumbuka kwako, na utani ukaanguka pale pale sakafuni kama kifungo.

"Nipe koti, fundi."

"Sijalipunguza bado."

"Nipe hivyo hivyo."

Alilikunja polepole, akitafuta maneno. Akamwambia kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba hata msibani alisema habari ya magunia, tena mbele ya mchungaji, naye Damari alicheka kuliko wote.

"Msibani ulisema wewe," Damari alijibu. "Juzi alisema baba."

Nje mbuzi alikuwa anatafuna kipande cha kitambaa. Zefania alijua alichotakiwa kusema, kilikuwa neno moja tu, lakini mdomo wake ulizoea njia nyingine.

"Lakini mimi sikutunga, dada. Ndivyo kitabu kilivyosema."

Damari alilivaa koti hapo hapo, mikono ikamfunika mpaka kwenye kucha, mistari ya chaki bado mabegani. Alifika mlangoni ndipo akageuka.

"Kitabu kilisema theluji."