Mgongo wa Ma Anatolia

Joanitha alijifunza kupiga picha kwa fundi Kahigi wa Kibeta, na kwa kweli alijifunza kupita kiasi. Kahigi humpiga kila mteja kwa namna moja tu: koti jeusi la studio, kiganja shavuni, kichwa kimelala kushoto. Joanitha aliiga yote hayo, pamoja na kikohozi ambacho fundi hukohoa kabla ya kubonyeza.

Sasa, kwao Buganguzi picha ya marehemu hutangulia jeneza, na picha zote zilitoka kwa Kahigi. Alipozikwa Mwijage ilibebwa picha ya jirani yake Ayubu hadi kaburini, wala hakuna aliyeshtuka. Watu walilia vizuri tu. Ayubu mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi.

Bibi yake Joanitha, Ma Anatolia, aliogopa hilo kuliko kufa kwenyewe. "Mjukuu wangu, nipige mimi," alimwambia. "Mimi, si koti la Kahigi."

Jamani, binti wa watu alihangaika. Mikono yake ilikimbilia kidevu cha bibi bila kutumwa, na kila alipokohoa, bibi naye aliweka kiganja shavuni. Mwishowe Ma Anatolia akachoshwa na upuuzi huo, akampa mgongo, akarudi kibanjani kupalilia migomba. Joanitha akampiga picha hivyo hivyo, ameinama, kitenge chenye kiraka kimekazwa kiunoni. Bibi alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ndiye mimi," akasema.

Joanitha akaitundika studio kwake, Muleba mjini. Basi Buganguzi nzima ikaja kupigwa migongo, hata walimu ambao hawajagusa jembe tangu wazaliwe. Asiye na kitenge aliazimwa kile kile cha bibi. "Inama," Joanitha alimwambia kila mmoja, kisha akakohoa.

Halafu akafariki Celina, mmoja wa waliopigwa migongo. Wanawe wakaja mbio kuchukua picha yake studio. Mazishini, Ma Anatolia alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake wakati picha inapita mbele ya jeneza. Akaitazama. Ilikuwa ile migomba yake mwenyewe, na ule mgongo wake. Wafiwa walilia vizuri tu.

Joanitha alijisikia vibaya mno. Akaja akapiga magoti kando yake. "Bibi, nisamehe."

"Acha samahani," Ma Anatolia akamnong'oneza, akimvuta mkekani. "Lia, watu wanatazama. Anayezikwa ni bibi yako."