Ufa Uliozibwa kwa Unga

Fundi rangi alikuwa mwepesi wa hasira. Alipomaliza kubandua karatasi za ukutani na kuosha gundi kwa maji ya moto, alikuta ufa mrefu wa plasta umezibwa kwa kitu cheupe kinachomeguka. Akanusa. Unga wa ngano!

"Mjinga gani huyu?" akafoka huku akikwangua. "Ukuta umekuwa mkate?"

Bibi mwenye nyumba akatua kikombe cha chai dirishani.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Marehemu mume wangu alilala humu miezi saba, hata kugeuka hawezi. Kutwa ananiambia ule ufa unarefuka, unamfuata. Dukani ni mbali, na ningemwachia nani? Nikakanda unga, nikauziba. Siku ile alilala usingizi. Karatasi nilibandika baadaye, alipokwisha kuzikwa."

Fundi akanywea. Kilikuwa kimebaki kiraka kimoja tu, juu ya pale kilipokuwa kitanda cha marehemu. Akakipapasa taratibu.

"Hiki kimeshika barabara, bibi," akasema. "Hata mimi nisingeziba hivi."

Kiraka kikamdondokea kiganjani. Akakifumbata upesi, akakitia mfukoni bibi asione.