Nyumba Iliyoitikiwa Mwambani

Tangu mumewe Cheonsik azikwe, Gilrye hakuwa amekigusa kikwanguo chake cha chuma. Kiliegemea ukuta wa jikoni pale pale alipokiacha mwenyewe, na kila asubuhi mjane alikipita akienda kuosha mchele. Siku ya bamvua kubwa ya majira ya baridi alikichukua. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

Siku hiyo miamba ya upande wa bahari kuu hukauka hadi chini, na kijiji kizima huenda kuikwangua magugu na makombe ili mwani mpya upate pa kushika. Mwamba si wa mtu, ni wa kijiji. Nyumba inayoleta mikono na kuitika jina lake kabla maji hayajageuka ina fungu katika mavuno. Isiyoitika hufutwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu kabla ya gati kujengwa.

Fungu hilo ndilo lililomweka Gilrye kisiwani. Wachuuzi wa mji wa Mokpo, ng'ambo, waliugombania mwani wa mwambani kwa ajili ya supu ya wanawake waliojifungua, na bila mwani alibaki na kijishamba cha vitunguu majani tu. Mwanawe Taesop alikuwa ameshasema kwa simu kutoka Incheon, "Mama, ukikosa fungu utakula nini huko? Uza nyumba uje kwetu." Kwao kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta. Kaburi la Cheonsik lilikuwa upande wa juu wa kile kijishamba.

Alipofika gatini, mashua ya kijiji ilikuwa imeondoka. Hakuwa amechelewa, wenzake ndio waliowahi. Alisimama akiitazama kamba iliyofunguliwa, kisha akashika njia ya kilimani iendayo mwambani, akikitumia kikwanguo kama mkongojo.

Alipoteremka upande wa pili, watu walikuwa wameinama, vyuma vikilia juu ya mawe. Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yake Panim, ambaye alijishika kinywa.

"Mama Taesop! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuchimba viazi."

"Acha mzaha! Tulikuacha makusudi ulale, na hayo magoti yako yanayolia kama mlango wa zizi." Panim akamsogelea, akanong'ona. "Nimeshakuitikia. Jifiche nyuma ya jabali mpaka tumalize."

"Umeniitikia?" Upepo ulikuwa mkali na Gilrye alikuwa mzito wa sikio moja, kwa hiyo aliuliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo.

Migongo ikanyooka mmoja mmoja. Gwak, mwenyekiti wa wavuvi, alikuwa ameisikia sauti ya Panim ikiitikia nyumba mbili, na wakati ule alijifanya anafunga kiatu. Kila mtu alijifanya hivyo. Sasa mwenye nyumba amesimama mbele yao, na viatu vyote vimeshafungwa.

Hong, kijana aliyehamia kisiwani na mkewe miaka michache iliyopita, aliweka chuma chake chini.

"Mwenyekiti, mwaka jana mke wangu alikuwa Mokpo, uchungu umemshika. Nilifika hapa maji yakiwa magotini. Mlinifuta."

"Wewe nyamaza," Panim akamkata. "Hata kaburi huna hapa."

"Kaburi sina, shangazi. Mtoto ninaye."

Kisiwa kizima hakikuwa na mtoto mwingine.

Gwak alivua kofia, akaivaa tena. Yeye na Cheonsik walikuwa wamevua pamoja tangu ujana. "Shemeji," akasema kwa uchovu, "ungebaki kitandani ungekuwa na fungu lako. Sasa nifanyeje? Labda tuwaulize watu."

Gilrye alitazama maji. Yalikuwa yamegeuka akiwa bado kilimani, na povu lilianza kupanda katika nyufa za chini. Alikumbuka mwaka jana, Hong akiwa amelowa pale pale, na sauti iliyosema kwamba kanuni ikiinama mara moja hainyooki tena. Ilikuwa sauti ya Cheonsik. Na usiku ule Gilrye alikula vizuri, akalala.

"Usiulize watu," akasema. "Nifute."

"Mama Taesop!" Panim alianza kulia. "Mimi nilitaka kukusaidia tu!"

"Najua. Nifute, shemeji, na ufanye haraka. Miguu inaniuma."

Gwak akalitaja jina la nyumba ya Cheonsik, akasema imetoka mwaka huu. Hong hakufurahi. Aliinama akaendelea na kazi, na baada ya muda akasogea kando, akiacha sehemu ya mwamba isiyokuwa na mteremko. Gilrye akapiga magoti hapo na kukwangua mpaka maji yakamfukuza.

Kwenye mashua walimpa nafasi karibu na injini, penye joto. Gati likaanza kuonekana.

"Mwaka jana ulimwagilia msimu wote, sivyo?" Gilrye alimwuliza Hong. Mwani ukianza kukua, bahari ikipwa na jua likiwaka, lazima umwagiwe maji ya bahari usiungue. Nyumba iliyofutwa ikimwagilia hadi mavuno, bila fungu, huitwa tena bamvua kubwa ya mwaka unaofuata.

"Msimu wote, bibi."

"Mgongo ulikuwaje?"

"Ulikufa."

Gilrye aliitikia kwa kichwa. Wake ulikuwa umekufa siku nyingi.

Jioni Taesop alipopiga simu, Gilrye alimwambia kwamba mwaka huu fungu hakuna. Mwanawe akaanza kumweleza habari za kile chumba, jinsi kinavyopata joto.

"Taesop," akamkatiza, "huko Incheon zipo kata za kumwagilia maji zenye mpini mrefu? Mrefu kabisa, mtu asilazimike kuinama. Nitumie moja."