Vita Tuliyoshindwa kwa Maoni

Usiku wa jana niliota, na wa kulaumiwa ni uvumi. Mama Pendaeli, anayenisuka, aliniambia kwamba ile filamu ya vita ya wageni wa angani, inayoonyeshwa kwenye banda la video hapa kwetu Manundu, si filamu ya kawaida. Ukitoka kabla haijaisha, alisema, unabaki humo ndani. Kinachorudi nyumbani ni mwili tu.

Nilimcheka. Halafu nikakumbuka kwamba Jumapili mwanangu Sikitu alitoka katikati, kwa sababu nilimtuma mtu akamwite aje kutwanga kisamvu. Siku nzima nikawa namtazama anavyokula, kama anakula yeye au mwili tu.

Nikalala na wasiwasi wangu. Huko ndotoni nikajikuta bandani.

Ni mchana. Banda limejaa, watu wanatafuna karanga na kutupa maganda ovyo, filamu inaendelea kwenye shuka jeupe ukutani. Mtafsiri, Bwana Kishindo, ameshika kipaza sauti, anawasemea wanajeshi wa kizungu kwa Kiswahili cha Tanga: "Jamani mwenzenu nafa, mwambieni mke wangu asimuuze yule mbuzi!"

"Karibu, mama," benchi likaniambia. "Ila usikae upande huo, nina msumari."

Nikakaa upande wa pili. Nikaliuliza kama limemwona mtoto wa darasa la sita, mwembamba, ana sweta la shule. Benchi likasema yupo, ila si huku. Yupo kule. Likanielekeza ukutani kwa ule msumari.

Kweli. Mji unateketea, maghorofa yanaanguka, na katikati ya barabara amesimama Sikitu wangu na mchi wa kutwangia.

Kabla sijapiga kelele, wageni wa angani wakaingia. Hawakutokea kwenye filamu. Walipita mlangoni kama watu, wakakata tiketi. Kila mmoja ana macho manne na suti ya kijivu. Mkubwa wao akanijia, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu kabla sijafikiri. Ndiyo basi tena. Mtu akishakuamkia ukaitikia, huwezi kumpigia yowe la mwizi.

Mkubwa akawageukia watazamaji. "Sisi kumwaga damu hatupendi," akasema. "Tumekuja kukusanya maoni. Semeni tu, mnaionaje vita hii?"

Jamani, ningekuwa na mikono ya kutosha ningewaziba midomo. Watu wetu ndio wa kuulizwa maoni!

"Hao wanajeshi wajinga," akaanza Shekivuli, fundi baiskeli. "Mtu gani mzima anajificha nyuma ya lori la petroli?"

"Imepokelewa," akasema Mkubwa. Ukutani, jeshi zima likahamia nyuma ya lori la petroli. Lori likalipuka.

"Na hizo bunduki haziishi risasi? Uongo mtupu!"

"Imepokelewa." Risasi zikaisha.

"Mbona ndege zinaruka tu, zinajaza mafuta saa ngapi?"

Ndege zikaanza kudondoka moja moja, kama mapapai.

"Nyamazeni!" nikasema. "Hao si ndio wanaotulinda?"

"Mama, tumelipa kiingilio," Shekivuli akanijibu. "Filamu mbovu tusiseme?"

Nyuma yake mtu akasema kwamba, haki ya Mungu, wageni wa angani wamecheza vizuri kuliko wote. Mkubwa akasema ahsante, tunajitahidi.

Dunia ikawa imekwisha hivyo. Alibaki Sikitu na mchi wake, na juu yake chombo cha wageni, kipana kama uwanja wa mpira, kinafungua mdomo.

Halafu ukaanza ubishi.

"Huyo hafi. Ndiye stelingi, shujaa wa filamu, na stelingi hafi."

"Stelingi gani hana hata jeraha?"

"Tena kavaa sweta la shule! Toka hapa!"

"Sheria ya stelingi tunaiheshimu," akasema Mkubwa. "Stelingi hatumgusi, hata tukitaka hatuwezi. Asiye stelingi tunamchukua. Tumsikilize mzazi." Akaniletea kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mama Sikitu, tumemtazama mwanao. Ni shujaa, tena mzuri, tena ana akili."

Sasa nisikilizeni, wenzangu, maana hakuna kati yenu ambaye asingefanya vilevile. Mgeni akimsifia mwanao mbele za watu, unafanyaje? Unaogopa jicho. Unamshusha haraka kabla sifa hazijamkaa. Sikitu nimemfanyia hivyo tangu ananyonya. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Aa, shujaa wapi! Huyu mvivu tu. Kichwa kigumu, na sura yenyewe ndiyo hiyo, mbaya."

"Imepokelewa."

Ukutani, Sikitu akakaa chini kivivu. Mchi ukamponyoka. Uso wake ukaanza kuharibika polepole, kwa utii. Chombo kikashuka.

"Nilikuwa namkinga!" nikalia. "Hayo si ya kweli, ni ya kukinga jicho!"

"Tuna macho manne kila mmoja," akasema Mkubwa kwa upole, "na hakuna hata moja la husuda. Una maoni mengine?"

Ghafla hatupo bandani tena. Tupo uwanja wa shule, kwenye mkutano wa wazazi, na wote ninaowaogopa wapo. Mawifi zangu wamekaa mbele. Mama Pendaeli ameshika kitana.

"Mwanangu mzuri," nasema.

Wifi yangu mkubwa anakohoa.

"Ana akili. Nikiumwa ananipikia uji bila kuambiwa. Akicheka, hata niwe na hasira zangu nacheka. Simbadilishi na mtoto wa mtu!" Sasa napiga kelele. "Namtukana kwa sababu namwogopea! Huyu ndiye stelingi!"

"Imepokelewa."

Sikitu anasimama. Anaurusha mchi juu, na chombo kizima kinapasuka kama chungu. Watu wanaruka, benchi linaruka. Bwana Kishindo anamsemea: "Sasa mtanitambua mimi mtoto wa nani!"

Mkubwa akanipa mkono wa kuaga. "Hongera, mama. Ila," akatazama saa, "wewe ni mama wa stelingi. Sisi filamu tumetazama nyingi. Mama wa stelingi huwa hafiki katikati. Anakufa ili mtoto apate hasira ya kupigana."

"Lakini si ameshapigana?"

"Ni kweli," akasema. "Tumechelewa kidogo. Utusamehe." Akachomoa bunduki.

Nikaamka.

Kumekucha. Nikataka kumwita Sikitu, sauti haitoki, imekauka kama ya mtu aliyeshinda mpirani. Akaja mwenyewe, akaniamkia, akanitazama kichwani.

"Mama, mbona una maganda ya karanga kwenye nywele?"

Nikapapasa. Kweli, na chumvi yake. Karanga nyumbani kwetu haziingii, zinamvimbisha Sikitu midomo. Na bandani mimi sijakanyaga tangu nizaliwe.

Nikafunga dirisha, nikamnong'oneza kwamba yeye ni mtoto mzuri. Akaniuliza kama naumwa.

Wazazi wenzangu, haya yaepukeni:

Kumtoa mtoto bandani filamu haijaisha.

Kuitikia shikamoo kabla hujahesabu macho ya anayekuamkia.

Kulisema ovyo jeshi lako wakati adui amekaa benchi la mbele.

Kumtukana mtoto kwa kumkinga. Wanaosikia ni wengi, na yeye mmojawapo.

Kumsifu mpaka awe stelingi, kama hujauliza kwanza mama mtu anacheza sehemu gani.