Moja, Bila Turufu

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, Mejumaa alikalia mbuzi akakuna nazi kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika karata kumi na tatu, na ulikuwa umezishika tangu Agosti ya mwaka tisini na mbili. Karata hizo hazikulowa alipofua, wala hazikupata mafuta alipokaanga. Alivaa buibui nazo, akalala nazo. Kilichomshinda kilikuwa ni kukamua nguo, na kwa hilo Truphosa, karani wa reli, alikuwa akipita baada ya kazi, anakamua, anaanika, kisha anakaa mezani kungoja wenzake.

Meza ilikuwa ghorofani, katika nyumba ya mtaa wa Kuze iliyotazamana na madrasa. Mchezo wenyewe ulikuwa briji, karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Faraj, mumewe Mejumaa, aliujulia bandarini alikokuwa akihesabu mizigo, akamfundisha mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa yao, akamfundisha mdogo wake Shukri, mshona kofia, na mwisho akamwita Truphosa awe wa nne, mwenza wa Shukri. Walicheza kwa kupenda tu. Lakini Faraj alikuwa mkali. Mnada ukianza, yaani pale wachezaji wanapotangaza kwa zamu watakula mizunguko mingapi, alisema, mwenzako humwambii neno lolote ila lile la mnada, humkonyezi, humkoholei. Mejumaa aliwahi kukohoa akiwa na mkono mzuri, yaani karata nzuri, na Faraj akala chakula cha usiku bila kumsemesha.

Tamko alilolipenda Faraj kuliko yote lilikuwa la kufungua: moja, bila turufu. Anayefungua hivyo amekwisha kujieleza wote. Mkono wake umesawazika, nguvu zake zinajulikana, hana la kuficha. Kuanzia hapo amri ni ya mwenzake. Mwenzake akitaka, atapasi. Akitaka, atasema pau mbili, na hapo huwa hazungumzii pau hata kidogo, bali anauliza: una kopa nne, au shupaza nne? Na aliyefungua hana budi kujibu, tena ajibu kweli.

Siku ile ya Agosti mji ulikuwa umechafuka. Askari walikuwa wameagizwa walete watu kumi waliorusha mawe, na garini walikuwa na tisa. Walipanda ngazi Faraj akiwa ndiyo kwanza amefungua, na Shukri akiwa amepasi. Hawakuuliza jina. Faraj alitia karata zake katika mfuko wa shati, akavaa viatu vyake.

"Ngojani kidogo," aliwaambia wenzake. "Zamu ni ya Mejumaa."

Kesho yake, baada ya Alasiri, alipanda ngazi akaketi kitini pake. Alikuwa ametota maji ya bahari. Mwani ulikuwa umemnata kwenye kola, na viganja vyake vilikuwa na alama za kamba. Alitoa karata mfukoni, akazipanga, akasema, "Moja, bila turufu." Shukri akapasi, kwa kuwa alikwisha kupasi jana na hakuwa na sababu ya kubadili. Kisha wote watatu wakamtazama Mejumaa.

Mejumaa alinyamaza. Alikuwa na alama kumi na moja za nguvu na shupaza nne, na jibu alilijua. Lakini akijibu, mnada utakwisha. Mnada ukiisha, mchezo utachezwa. Mchezo ukichezwa, Faraj hatakuwa na la kumrudisha. Basi alinyamaza mpaka Maghrib ilipoadhiniwa, Faraj akainuka akashuka ngazi. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minne.

Maji yalipenya sakafuni yakadondokea dukani kwa Abdulghafur, muuza halua. Alipanda mara moja tu kulalamika.

"Bi Mejumaa, mumeo ananitilia chumvi kwenye halua."

"Niwie radhi, Abdulghafur. Hana pengine pa kukaa."

Abdulghafur akakubali kuwa hilo kweli. Akalisogeza sinia, akaweka beseni.

Katika kituo cha polisi, mwanzo waliambiwa kwamba Faraj hakuchukuliwa na mtu. Baadaye waliambiwa alichukuliwa lakini aliachiliwa jioni ile ile. Mwaka wa nne Shukri alisema imetosha. Alisema nduguye yumo majini na wanaojua ni pahala gani wanakula mshahara, na kwamba anataka kumwosha, kumswalia na kumzika kama wanavyozikwa watu. Akaenda na shemejiye, wakachukua na maji ya beseni katika chupa. Ofisa wa zamu aliyaonja kwa ncha ya kidole, akakubali kuwa ni ya bahari.

"Anakuja kila siku?"

"Kila siku," alisema Mejumaa.

"Anakaa, anaongea?"

"Anasema neno moja."

"Basi hakupotea, mama. Sisi tunatafuta waliopotea. Mtu anayerudi kwake kila jioni, tumtafute wapi?"

Mejumaa aliirudisha chupa nyumbani. Usiku hakulala, kwa kuwa ofisa alikuwa amemwonyesha jambo ambalo hakuliona miaka yote minne: kwamba ukimya wake ndio uliomweka Faraj kitini, na kwamba maadamu yupo kitini, hakuna atakayetia mguu majini kumtafuta.

Siku iliyofuata Faraj alifungua, Shukri akapasi, na Mejumaa akasema, "Pau mbili."

Truphosa alikuwa akimenya chungwa. Aliliweka chini, akapasi taratibu.

Hilo lilikuwa swali la pekee ambalo mchezo ulimruhusu. Alitaka kumwuliza yuko wapi, ni nani aliyemfunga kamba, alipigwa au la, alimwita nani mwisho. Badala yake alikuwa amemwuliza kama ana kopa nne au shupaza nne. Faraj aliangalia karata zake kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kukuta kitu kisichokuwemo.

"Uru mbili," alisema.

Maana yake hana. Sauti yake ilikuwa na mchanga. Shukri akapasi, machozi yakimtiririka, wala hakuyapangusa, maana kujipangusa nako kungeweza kuchukuliwa kuwa ni ishara.

"Tatu, bila turufu," alisema Mejumaa.

Wengine wote walipasi. Shukri, aliyekaa kushoto kwa mfunguzi, akatupa karata ya kwanza. Hapo vidole vya Mejumaa vikafunguka kimoja kimoja kwa mlio wa vijiti vikavu, na akazilaza karata zake mezani, zionekane na wote, kama impasavyo mwenza wa anayecheza. Tangu hapo hana kauli tena. Mwenzake hucheza mikono yote miwili peke yake.

"Ahsante, mwenzangu," alisema Faraj. Hayo nayo ni desturi ya mezani, na kila mchezaji huyasema.

Alicheza vizuri. Alikula mizunguko tisa ambayo tatu, bila turufu huidai, hakuongeza wala hakupunguza. Mejumaa alikuwa ameweka tumaini lake katika dakika ile ambapo karata ya mwisho imeanguka na midomo huwa huru. Karata ya mwisho ilianguka. Alipoinua uso kumwuliza, kiti kilikuwa kitupu na maji yalikuwa yakikauka.

Asubuhi alikwenda kituoni kabla hakujafunguliwa vizuri. Ofisa alikuwa yule yule. Mejumaa alimwambia mumewe haji tena. Sasa amepotea, na wamtafute.

"Alionekana lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Jana?" Ofisa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Alikuwa na hali gani?"

"Alikuwa akicheza karata."

"Mama, mtu wa jana hajapotea. Na kama alikaa, akacheza, akamaliza, akaenda zake, hilo si letu. Huyo amekuacha. Nenda kwa kadhi."

Kwa kadhi aliambiwa kwamba mume aliyeonekana jana na mashahidi watatu haswaliwi jeneza, na mkewe hakai eda. Akarudi Kuze. Abdulghafur, aliyekuwa akilirudisha sinia la halua pahala pake, alimwuliza wamesemaje.

"Wamesema yuko hai," alisema Mejumaa, akapanda kwenda kufua na kukamua nguo zake mwenyewe.