Nyumba Yenye Kuona Muheto

Mwaka wa 1954 mume wangu Léopold, aliyechimba madini Omate, aliruhusiwa na kampuni yake kununua nyumba. Zilikuwa zinauzwa mbili. Moja ilikuwa chini, kati ya majirani, karibu na bomba la maji. Ya pili ilikuwa juu ya kilima, peke yake, na maji mbali.

"Tukamate ya chini," Léopold alisema.

Nikakataa. Mimi ni mutoto wa Masisi. Kwetu Muheto, mwanamuke akiamka anaita mama yake toka kilima kimoja, na mama anaitika toka kingine. Katika pori hili la Walikale sauti inafia mudomoni. Lakini kwenye mulango wa nyumba ya juu niliona mulima wa buluu, mbali kabisa. Muheto! Nikalia, nikagomba, tukanunua.

Miaka mitatu nilipanda kile kilima na maji kichwani. Na kila asubuhi niliuelekea ule mulima nikaita, "Mamaaa!" Nilijua hasikii. Niliita tu.

Kisha mama akaja kututembelea. Asubuhi akanisikia, akatoka, akanishika mabega, akanigeuza polepole mpaka nikatazama nyuma ya jiko, palipokuwa na miti tu.

"Muheto iko huku, mutoto wangu."

Hasira yangu yote ikamwendea Léopold. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza basi ni nyumba gani inaona Muheto. Na mu Omate yote haiko hata moja."