Vichwa vya Mihogo

Shangazi yangu Klara alikuwa akiuza mihogo mibichi na vipande vya nazi mbele ya soko la Kariakoo. Sadalla, mtoto wa jirani yake, alikula mihogo hiyo akatapika mpaka akalazwa. Bwana afya akaifunga meza ya shangazi hadi maabara itoe jibu. Na maabara, kwa kazi hiyo, ilikuwa mimi. Wenzangu walisema nisiguse mihogo ya shangazi yangu. Niliwaambia watafute mwingine mwenye mkono usiotetemeka, wakaniachia.

Chini ya hadubini nilitoboa seli hai moja moja kwa mrija wa kioo mwembamba kuliko unywele, nikavuta maji yake, nikayagusisha kwenye uzi wa hariri uliolowekwa dawa ya njano. Penye sumu uzi huwa mwekundu. Seli baada ya seli, uzi ulibaki njano. Nilifurahi, sifichi. Nikanyanyuka kwenda kumwita shangazi, aliyekuwa kwenye benchi la nje akitafuna pindo la kanga.

"Dada Severa, keti kwanza," alisema Ndugu Praful, mkuu wetu. "Seli ikiwa nzima, sumu bado haijawa sumu. Vitu viwili vinavyoizaa vimetengwa humo, hukutana seli ikipondwa. Watu hawanyonyi seli, wanatafuna."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Nikaponda kipande cha katikati, uzi ukabaki njano. Nikaponda cha kichwani, upande wa shina, pale pagumu penye nyuzi. Uzi ukawa mwekundu kama tofali. Nikajaribu mihogo mingine yote aliyoleta bwana afya, ikawa vilevile.

Nikatoka nje.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Watanifungulia?"

"Watakufungulia. Katikati ni salama. Sumu iko kwenye vichwa tu."

Akashusha pumzi. "Namshukuru Mungu. Vichwa mimi siuzi. Mteja gani atanunua kigogo?"

"Sasa huwa unavipeleka wapi?"

Alitazama mikono yake, nami nikatamani nisingeuliza.

"Nawapa watoto," alisema. "Sadalla nilimjazia mfuko. Mama yake siku hizi hana kitu."

Habari za meza hakuuliza tena. Alijifunga kanga yake vizuri, akaniuliza mtoto amelazwa wodi ipi.